Mama wa mtoto asiende mahakamani peke yake

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Mbagala, baadae watu wakaniomba niyaandike ili na ambao hawakuwepo wayapate. Nimeyaacha kama nilivyoongea.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wetu, wajumbe wa mashina, ustadhi, mchungaji, wazee wangu wote shikamooni. Mama zangu wa vikoba, walimu, na nyie vijana wa kijiweni mliozima pikipiki mkaja kukaa na sisi, asanteni sana. Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Wengi mnanijua, nipo kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa huu, najitolea tu, na leo nimepewa nafasi niongee kuhusu watoto wetu. Naomba mnivumilie mana nitagusa mambo ya ndani, yale tunayoyasema kwa sauti ya chini tukiwa tunasukana nywele au tunachambua mchele.

Tunapenda kusema watoto wanaharibiwa kwa sababu sheria ni laini, polisi wanakula hela, dunia imeisha. Mimi kwa niliyoyaona kwenye hii kamati nasema kesi nyingi za watoto zinafia hapa hapa mtaani, na zile chache zinazofika mahakamani zinafia njiani kwa sababu mama wa mtoto tumemuachia mzigo wote peke yake. Hilo ndo nililokuja kusema leo, mengine yote nitakayoongea yanazunguka hapo hapo.

Kuna kesi moja, sitataja jina wala nyumba na anayeijua naomba na yeye asitaje, mtoto yule yupo na anasoma. Binti wa miaka tisa. Mama yake alikuwa anauza vitumbua, saa kumi alfajiri yuko nje anawasha moto, watoto wamebaki ndani wamelala, nyumba ya kupanga vyumba sita choo kimoja, mnazijua nyumba zetu. Aliyemfanyia ni mpangaji mwenzao, mtu anayeitwa anko na watoto wote wa ile nyumba, anawanunulia ubuyu na barafu, hana ugomvi na mtu. Mama aligundua wakati anamuogesha, mtoto hataki kuguswa, analia kilio ambacho sio cha utundu. Akaenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mtoto akapimwa, daktari akajaza, yule bwana akakamatwa siku hiyo hiyo. Mpaka hapo kila mtu alifanya kazi yake.

Shida ikaanza kwetu sisi. Haijapita hata wiki ndugu wa mtuhumiwa wakaja, wamekaa kwenye mkeka, wamekuja na mzee wa heshima zake, wanaongea kwa upole kabisa, kwamba mama fulani haya mambo tumalizane kifamilia, hela kidogo ipo, mtoto mwenyewe mdogo atasahau, ukimpeleka mahakamani utamtangaza na huko mbele hataolewa. Mwenye nyumba nae akamwambia nyumba yangu imeanza kuingia polisi, mwezi ukiisha tafuta pengine. Majirani wakaacha kununua vitumbua. Hakuna aliyemtukana, walinyamaza tu, wakimuona anapita maongezi yanakatika mpaka apite, na aliniambia mwenyewe kwamba heri wangemtukana.

Alafu kesi ikaanza kupigwa kalenda. Leo daktari hajafika, mwezi ujao hakimu yuko kwenye semina, mwezi mwingine mtuhumiwa hajaletwa. Kila tarehe ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, yeye na mtoto, mtoto anataka kula, na siku hiyo hajakaanga kitu. Na nyie mnaofanya biashara ya vitumbua mnajua, usipokaanga leo mchele na mafuta ya kesho unanunua kwa hela gani? Kuna tarehe walitembea kipande kirefu cha njia kwa miguu, amemshika mtoto mkono, wakafika wamechelewa jina limeshaitwa. Mwisho akahama, namba haipatikani, mashahidi hawaonekani, kesi ikaondolewa, bwana yule akatoka. Na sisi hapa hapa tukaanza kusema unaona, yule mama kashakula hela. Jamani. Mimi nilikuwa naingia ndani kwake, hakuna hela niliyoiona pale. Kilichomuondoa yule mama ni nauli, ni kodi, ni njaa, na upweke, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho sisi wa mtaa huu tulikuwa hatukiwezi.

Sasa naomba niwaambie kuhusu hicho kikao cha kwenye mkeka mana kinafanyika sana na wanaokaa pale wengine ni watu wazima tunaowaheshimu. Ubakaji wa mtoto ni jinai. Hiyo kesi ikifunguliwa inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, haiitwi mama Asha dhidi ya fulani. Mama ni shahidi. Hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya Jamhuri, baba hana, mjomba hana, hata mwenyekiti wetu hapa hana. Kwahiyo mnaopokea hela pale mnauza kitu ambacho sio chenu, na aliyetoa hela anarudi uswahilini na akili moja tu, kwamba mtoto ana bei. Sheria imekaa wazi tangu mwaka 1998 ilipotungwa ile ya makosa ya kujamiiana, mtoto wa kike chini ya miaka 18 hata aseme alikubali huo ni ubakaji, kifungo sio chini ya miaka 30, na akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Watu wanasema sheria laini, laini wapi? Sheria hii inakaa inasubiri mashahidi na sisi tunawachosha mashahidi.

Alafu kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ina kifungu cha 95, naomba mkikumbuke hiki. Kinasema ni wajibu wa mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa za eneo lile. Mtu yeyote, sio mzazi peke yake. Mimi, wewe, muuza genge, kinyozi, konda, bibi anayekaa kibarazani kutwa. Ile kauli yetu ya "sio mtoto wangu mimi" haimo kwenye sheria za nchi hii. Na mtoto aliyenyimwa chakula, matibabu au shule na mzazi mwenye uwezo nae yumo humo humo kwenye kifungu, sio mpaka abakwe ndo tuongee.

Kitu kingine kinachozima kesi mapema ni hii kauli ya hakuna aliyeona. Watu wanamwambia mama utashinda vipi, ni neno la mtoto na neno la mtu mzima. Naomba nieleze taratibu. Makosa haya hayafanyiki sokoni, yanafanyika chumbani mlango umefungwa, na mahakama zinalijua hilo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi bora kabisa kwenye kesi za aina hii ni wa yule aliyefanyiwa. Mtoto mdogo, hata wa miaka sita saba, anaruhusiwa kutoa ushahidi, na tangu mabadiliko ya mwaka 2016 hata kiapo halazimiki, anachotakiwa ni kuahidi mbele ya mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Hakimu akimuamini mtoto na akaandika sababu za kumuamini anaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake. Na kesi inasikilizwa faragha, sio kwamba mtaa mzima utajaa kwenye benchi kumsikiliza. Kwahiyo anayekwambia acha tu hakuna shahidi, mwambie shahidi yupo, amekaa hapa anakunywa uji, na kazi yetu ni kumfikisha akiwa salama na hajatishwa.

Na tusijidanganye kwamba hizi ni habari za nyumba moja moja zenye laana. Mwaka 2009 serikali pamoja na UNICEF na wataalamu wa afya walifanya utafiti nchi nzima wa ukatili kwa watoto, wakaongea na vijana wa miaka 13 mpaka 24, matokeo yakatoka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, na wavulana karibu 1 kati ya 7. Naomba muangalie mabenchi haya mliyokaa. Hapa kuna watu wazima waliofanyiwa wakiwa watoto na hawajawahi kusema mpaka leo, na wengi wa waliohojiwa kwenye ule utafiti ndo walivyosema, kwamba hawakumwambia mtu yeyote. Na sehemu kubwa ya mambo haya yalitokea nyumbani kwa mtu, na mengine njiani mtoto akienda au akirudi shule. Nyumbani na njiani, sehemu mbili ambazo ni zetu. Polisi hakai chumbani kwako wala hasimami kwenye uchochoro wa nyuma ya kibanda umiza.

Nikija kwenye la kufanya likitokea, akina mama sikilizeni sana na akina baba pia. Mtoto akisema, au ukiona, usimuogeshe. Najua mkono wa mama unakimbilia maji, unataka umsafishe mwanao, lakini ule ushahidi unaondoka na maji. Nguo alizovaa usifue, ziweke kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, sio wa nailoni mana zinavunda zinaharibika. Alafu hospitali haraka, ndani ya saa 72, na usisubiri zifike 72, kila saa inayopita ina hasara yake. Kuna dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi, zinafanya kazi zikianzwa ndani ya hizo saa, na zinamezwa siku 28 mfululizo. Siku 28 jamani, kila siku, saa ile ile, mtoto anatapika, hataki, zinamuumiza tumbo. Hapo ndo jirani anahitajika, mtu wa kumpikia uji wa kumezea dawa siku ambayo mama kachelewa sokoni, mtu wa kupiga simu jioni kuuliza amemeza? Kama binti ameshavunja ungo daktari atampa na ya kuzuia mimba. PF3 inatoka polisi na haiuzwi, ukiombwa hela ya karatasi ile njoo kwangu au kwa mtendaji tutaenda wote.

Kuna sehemu zimeweka huduma zote mahali pamoja, tunaviita vituo vya mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja ili mtoto asihadithie mara tano kwa watu watano. Na ipo namba 116, ya kumsaidia mtoto, haikatwi salio, mtoto mwenyewe anaweza kupiga na mtu mzima anaweza kupiga. Naomba waalimu muiandike ukutani madarasani na vijana muibandike kwenye bodi za pikipiki.

Na tuache kumhoji mtoto kama tuko kituo cha polisi Oysterbay. Nimekuta mtoto kazungukwa na wanawake saba, kila mmoja anauliza upya, alikushika wapi, ulikuwa umevaa nini, kwanini hukupiga kelele. Mtoto anabadilisha maneno kwa sababu anaona sura zimekasirika, anadhani kakosea, alafu maneno yaliyobadilika ndo yanakuja kuua kesi. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, asimpigie kelele, amwambie umefanya vizuri kuniambia, ayaandike yale maneno kama alivyoyasema mtoto, basi. Wala msimpige picha. Mkimrusha kwenye magrupu ya WhatsApp eti mumsaidie, ile picha atakutana nayo akiwa kidato cha nne.

Na wale wanaosema dawa yake ni tairi na petroli, nawaelewa hasira, mimi pia nina watoto. Lakini mkimchoma mtu, wanaofuata kukamatwa ni nyie vijana, mashahidi wote wanakimbia, yule mtoto anabaki na picha ya moto kichwani na anaamini amemuua mtu kwa mdomo wake, kuna watoto wanaacha kuongea kabisa. Na mara nyingine mnachoma asiyehusika. Mshikeni, mzungukeni asikimbie, piga simu polisi, pigeni simu kwa mjumbe. Akihukumiwa mahakamani kila mzazi wa mtaa huu anajua kwamba mtu huyu alifanya na alithibitika.

Vijana wa boda, nimewaachia kipande chenu na sitakizunguka. Mnajua kinachosemwa juu yenu, lifti na chipsi kwa wanafunzi. Wapo wenzenu wanaofanya, mnawajua kwa majina, na mkikaa kimya kijiwe kizima kinabeba jina lao. Sheria ya elimu ilibadilishwa mwaka 2016, kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30, na mkataba wa pikipiki hautakusubiri miaka 30. Lakini sikuja kuwagombeza. Nimekuja kuwaomba. Hakuna watu wanaoona watoto wa mtaa huu kama nyie. Nyie ndo mnajua ni mtoto gani anapakiwa kila siku na mtu asiye ndugu yake, ni nyumba gani mabinti wa shule wanashushwa saa nne asubuhi na sare zao, ni mtoto gani anatumwa baa usiku kununua bia. Wekeni watu wawili pale kijiweni, mnaowaamini nyie wenyewe, kazi yao ni moja, mkiona kitu mnawaambia wao, wao wananiambia mimi au mtendaji, jina la aliyesema halitajwi. Na siku mama ana tarehe ya mahakamani mmoja wenu amfikishe stendi alfajiri. Ni hilo tu.

Nisisahau watoto wa kiume. Tunawaambia dume halilii, alafu akifanyiwa tunamficha mara mbili zaidi, wengine wanampeleka kwa mganga badala ya hospitali. Dawa za saa 72 ni zake pia, PF3 ni yake pia. Mkiona kijana mdogo ghafla ana hela, ana simu ambayo nyumbani hamkumnunulia, au ameanza kukojoa kitandani na alishaacha, au hataki kwenda madrasa, tuisheni au kwa mtu fulani ambaye zamani alimpenda, kaa nae. Kaa nae, usimchape kwanza.

Na dada zetu wa kazi. Hili linanikera sana mana ni sisi wanawake tunaolifanya. Unamtoa mtoto wa watu kijijini, ana miaka 12, unasema atamaliza shule huku mjini, ukifika unampa mtoto wa kubeba na ndoo ya kufua. Sheria imeweka umri wa kuanza kazi ni miaka 14 tena kazi nyepesi isiyomzuia shule. Yule binti hana mama wa karibu, hana simu, analala sebuleni na wanaume wanapita usiku kwenda chooni. Akifanyiwa atamwambia nani? Majirani, huyo mtoto msalimieni. Mfahamuni jina lake, sio "wewe dada". Mtoto anayejulikana jina lake na watu kumi ni mgumu kumharibu kuliko mtoto ambaye hata jirani wa ukuta mmoja hamjui anaitwaje.

Kuhusu waliopata mimba nitapita haraka kwa sababu mwalimu atalieleza vizuri zaidi. Tangu Novemba 2021 serikali ilisharuhusu waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shule. Kwahiyo mzazi anayesema basi tena, aolewe tu, hiyo basi tena ni yake mwenyewe, mlango uko wazi. Mrudisheni.

Sasa nirudi kwenye mzigo wa yule mama, mana hapo ndo pa kushika. Mtu akifiwa mtaa huu hayajapita masaa mawili turubai limefungwa, viti vimekuja, masufuria yameazimwa, daftari la rambirambi liko mezani, wanawake wanapika zamu kwa zamu, vijana wanachimba kaburi, na mfiwa haambiwi alipie hata majani ya chai. Hatuulizi alikosea nini, hatuulizi marehemu alikuwa na tabia gani. Tunajua kusimama na mtu, sisi wa huku hakuna wa kutufundisha hilo. Lakini mama ambaye mtoto wake amebakwa tunamuacha anapika mwenyewe, anapanda daladala mwenyewe, analia mwenyewe, na tarehe ya mahakama akirudi hakuna hata anayemuuliza imekuwaje. Msiba wake ni mkubwa kuliko misiba mingi niliyokaa hapa, na unachukua mwaka, unachukua miwili.

Na inawezekana, sisemi ndoto. Kuna kesi nyingine baada ya ile, mtaa wa jirani, akina mama wa kikundi kimoja cha vikoba waliamua kimya kimya bila kutangaza. Yule mama alikuwa na meza ya mboga. Siku ya tarehe mmoja wao anakaa kwenye meza yake anauza, hela ya mauzo anamkabidhi jioni yote. Mwingine anaenda nae mahakamani, anakaa nae pale nje kwenye benchi kutwa, amebeba chapati na chai kwenye chupa na kitabu cha kuchora cha mtoto. Nauli inatoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, ule ule wanaoutumia mtu akiumwa au akifiwa. Ndugu wa mtuhumiwa walipokuja na mkeka wao walikuta wanawake sita wamekaa sebuleni wanakunywa chai, hawakugombana na mtu, walikaa tu mpaka wale wageni wakaaga. Kesi ilipigwa kalenda sana vilevile, mahakama haikuwaonea huruma, lakini kila tarehe mama alikuwepo na mtoto alikuwepo. Hukumu ilisomwa, mtu akafungwa. Na yule mama bado anauza mboga pale pale, hajahama, mtoto anacheza na wenzie.

Naomba tofauti ya zile kesi mbili muione. Sheria ile ile, PF3 ile ile, kalenda zile zile.

Kwahiyo naomba vitu vichache na naomba tuviamue leo kabla hatujaondoka, tusiseme tutakaa tena. Vikoba vyote vya mtaa huu vitenge kitu kwenye mfuko wa jamii kwa ajili ya kesi za watoto, hata buku kwa mwanachama kwa mwezi, na kwenye daftari lisiandikwe jina la mtoto wala la mama, iandikwe nauli na tarehe inatosha. Wenye nyumba, nawaomba kwa heshima, msimfukuze mpangaji kwa sababu ameripoti, mkimfukuza yeye mnamfukuza shahidi, na mwenyekiti naomba jambo hilo likitokea lije mezani kwako kama kosa la mtaa. Ustadhi na mchungaji, mnaitwa sana kwenye vile vikao vya mkeka kwa sababu mnaaminika, naomba mkiitwa mwende, alafu muwaambie waliowaita kwamba hili halimalizwi hapa, na msindikizeni mama polisi nyie wenyewe kama bado hajaenda. Neno lenu linafika ambapo langu halifiki.

Na wewe ambaye huna hela, huna cheo, hupo kwenye kikundi chochote, wewe una macho na una baraza. Watoto wanaobaki peke yao alfajiri, mama zao wakiwa kwenye vitumbua, maandazi, feri na Kilwa Road kwenye magari, wanajulikana ni nyumba zipi. Ongea na huyo mama. Muulize tu, ukitoka watoto wanabaki na nani? Kama hakuna, basi mlango wako uwe wazi mapema siku hizo, wahamie kwako na godoro lao.

Mwenyekiti wa umoja wa vikoba naomba usogee huku mbele na daftari, tuanze na hilo la mfuko. Vijana wa kijiweni nyie kaeni pale chini ya mwembe mchague wenu wawili, mkimaliza mniletee namba zao za simu. Kuna tarehe ya mahakamani Alhamisi wiki hii, mama mwenyewe yupo, namuhitaji mtu mmoja wa kwenda nae na mmoja wa kumshikia biashara, atakayeweza anifuate pembeni nikimaliza, asinyooshe mkono hapa. Asanteni.